Njiti Chini ya Taa Baridi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haina jina, na msinisumbue kuniuliza. Jina ilikuwa nalo, tena zuri, ila siku hizi kulitamka hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali iko ghorofa ya nne ya jengo lenye ghorofa tatu. Tuseme tu "nchi yetu". Ni nchi njema. Viongozi wake wanatupenda mpaka tunaona aibu. Mimi naitwa Fundi Senkondo, seremala. Natengeneza vitanda, meza, na vitu vingine ambavyo watu huvihitaji wakiwa wamelala. Sina ugomvi na mtu.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye kidole. Mkuu wa Nchi alikuwa ziarani mikoani, akalala nyumba ya wageni ya serikali, na taa ya kando ya kitanda ikakataa kuzimika. Msaidizi wake wa swichi alikuwa ameenda kula. Basi Mkuu, kwa unyenyekevu wake, akanyoosha mkono mwenyewe kuichomoa globu, na globu ikamuunguza kidole. Redio ikapiga nyimbo za huzuni tangu asubuhi. Tulikiombea kidole makanisani na misikitini, tukakichangia, na shule zikafungwa mpaka lengelenge likapasuka salama.

Kidole kilipopona, wataalamu wakaitwa waeleze kwa nini globu ina moto. Wakaeleza kwa michoro kwamba katika umeme wote unaoingia kwenye globu, kidogo tu ndio unaotoka ukiwa mwanga. Uliobaki wote unatoka ukiwa joto.

"Na hilo joto linakwenda wapi?" Mkuu akauliza.

Wataalamu wakatazamana. Mmoja wao, ambaye siku hizi ni balozi mahali fulani penye theluji, akajibu kwamba linapotea. Ndipo serikali ilipopata neno jipya, "joto lipotealo", na ikaundwa Wizara ya Mwanga ili kulishughulikia. Uwaziri akapewa Mheshimiwa Kimulimuli, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Bandari. Nchi yetu haina bahari, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu bandari zake.

Mheshimiwa Kimulimuli akatuletea Taa Baridi. Na mimi, nisije nikaitwa mpinzani, nasema tangu mwanzo: ni taa nzuri. Inang'aa sana, inakula umeme kidogo, unaishika kwa mkono haikuunguzi, na kwenye boksi lake imeandikwa kwamba itadumu miaka ishirini na mitano. Sheria ikapitishwa kwamba kila mwenye biashara atoe globu zake zote aweke Taa Baridi. Akifanya hivyo, serikali itamrudishia nusu ya bei na kumpa nafuu ya kodi. Akikataa, atalipa kodi ya joto, itakayokadiriwa kwa kutazama jasho lake siku ya ukaguzi.

* * *

Mji wetu uko mlimani. Mwezi wa saba hata mbwa hulala jikoni, na mtu akikusalimia asubuhi unaona salamu yake inatoka mdomoni kama moshi. Huko ndiko lilikofika gari la Wizara na vipaza sauti vyake.

"Akina mama wafanyabiashara! Marejesho yamefika!"

Wizara haikuwa imeuliza neno hilo lina maana gani kwetu. Kwetu marejesho ni siku ile wanapokuja watu wa mikopo, wakae kwenye kibaraza chako mpaka utoe chao, na usipotoa wabebe godoro. Kufumba na kufumbua, soko likawa tupu. Muuza maharage aliingia chini ya meza yake. Mama mmoja wa mitumba alijifunika rundo la makoti, na mteja akamwinua akidhani ni koti. Gari likazunguka mji mzima likitangaza ukarimu wa serikali kwa mbuzi. Jioni redio ikasema wananchi walipokea habari hizo kwa utulivu mkubwa.

Baadaye tulielimishwa. Marejesho haya, tukaambiwa, yanakuja kwako badala ya kutoka kwako. Watu wakaanza kujiandikisha, na ndipo masharti yakajitokeza. Globu unayosalimisha lazima iwe hai. Iliyoungua haipokelewi, kwa kuwa iliyokufa haipotezi joto. Na kinyozi wetu alipoomba nafuu ya kodi aliambiwa nafuu hupewa anayeumia, kwa hiyo kwanza akadaiwe kodi kubwa zaidi. Akaenda kuomba adaiwe. Mpaka leo yuko kwenye foleni ya kuomba, na wateja wake wanamfuata huko huko na mkasi.

Haya yote tuliyacheka. Sisi ni watu wa kucheka. Ukicheka unapata joto kidogo, na hilo bado lilikuwa halijatozwa.

* * *

Sasa kulikuwa na nyumba ya uzazi ya Nesi Generosa. Ni vyumba viwili na ukumbi, pembeni mwa karakana yangu. Serikali iliiandikisha kuwa biashara kwa sababu ina bango na benchi. Nesi Generosa ni mama mnene, mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe, na nusu ya watu wa mji huu walianza kwa kuisikia sauti hiyo kabla ya kusikia nyingine yoyote.

Katika chumba cha ndani kulikuwa na sanduku nililomtengenezea mimi. Mbao za msonobari, kioo cha dirisha la zamani ubavuni, kifuniko chenye matundu, na juu yake globu mbili zinaning'inia. Humo ndani joto lilikuwa kama la kwapa. Kwetu mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake tunamwita njiti, kwa wembamba wake, na njiti za mji huu zililelewa humo. Wengine sasa wana ndevu. Wakinipita barabarani nawaambia, wewe nilikutengenezea nyumba kabla baba yako hajakutambua.

Mwezi huo wa saba sanduku lilikuwa na mtoto wa Eliwaza. Eliwaza anauza viazi vya kukaanga stendi. Mumewe ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa amekwama mpakani, kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa kupisha sherehe za kufunguliwa kwake. Kabla ya huyu, Eliwaza alikuwa amezaa wawili. Hawakukaa. Huyu wa tatu, msichana, alikuja na miezi saba, mdogo kama mkate wa boflo, na mama mtu akashikwa na homa ya uzazi hata kukaa hawezi. Kwa hiyo mtoto akalelewa na globu.

Nilikwenda kuwaona. Eliwaza alikuwa amegeuzia uso kwenye kioo cha sanduku.

"Umempa jina gani?" nikamuuliza.

"Hana jina, Baba Senkondo. Wale wawili niliwapa majina mapema, wakaondoka nayo. Huyu nitampa siku atakapotoka kwenye sanduku lako."

"Basi fanya haraka uchague. Namwona ana haraka, huyu."

Akatabasamu kidogo. Tangu siku hiyo mtaa mzima tukawa tunamwita Njiti tu, na kila mtu akipita mlangoni anauliza, Njiti kaamkaje? Nesi anajibu kwa ile sauti yake, kaamka, kwani wewe hukuamka?

* * *

Sheria ilipofika kwake, Nesi Generosa hakubisha. Alikubali kubadilisha taa za ukumbini na za chumba cha kujifungulia. Akaomba jambo moja tu kwa Wizara, aachiwe globu mbili kwa ajili ya njiti.

Jibu lilikuja na miguu miwili. Liliitwa Bwana Teofili, Afisa Mkaguzi wa Joto, mtu mpole, amevaa tai iliyoshonewa kwenye shati isipotee. Mimi nilikuwepo, nanyoosha bawaba ya mlango.

"Nesi," akasema, "Wizara imesikitika sana. Njiti ni kitu cha kuwaka. Wewe unaziweka chini ya globu ya moto, ndani ya sanduku la mbao, kwenye nyumba yenye wagonjwa. Kwa nini usizitunze jikoni kama watu wengine?"

Nesi akamtazama. "Bwana Afisa, kwenu mtoto akizaliwa na miezi saba mnamwitaje?"

"Kwetu tunamwombea," akasema Bwana Teofili.

Nesi akamshika mkono, akampeleka chumba cha ndani. Bwana Teofili akainama kwenye kioo. Njiti alikuwa amelala na ngumi moja shavuni, anapiga miayo, kinywa chote kikubwa kuliko uso. Bwana Teofili akavua kofia.

"Kumbe ni mtu."

"Ni mtu."

"Jamani." Akakaa kwenye kigoda, akajifuta paji la uso. "Lakini mmeniweka mahali pabaya. Kwenye kompyuta ya Wizara, njiti iko kundi moja na kiberiti, makaa na mafuta ya taa. Nikisema njiti ni mtu, itabidi niseme kiberiti ni nyumba ya uzazi."

"Si uandike neno jingine? Andika mtoto."

"Ombi likishaingia halibadilishwi. Unaweza kukata rufaa, lakini rufaa nayo huandikwa kwa maneno ya ombi la kwanza. Au lipelekwe Baraza la Misamiati liongeze maana. Baraza hilo halijakaa, maana wajumbe bado wanabishania maana ya kikao."

Eliwaza, kutoka kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, usizichukue."

Bwana Teofili akainuka kigodani. Alizifungua zile globu mbili akitumia leso, maana zilikuwa na moto, akazipakata mikononi mpaka kwenye gari. Nilimwona amesimama nazo pale barabarani kwa muda, anazishika kama mtu anayeota moto. Kisha akarudi, akafunga Taa Baridi.

Na mimi nilishasema ni taa nzuri. Chumba kizima kiling'aa. Kwa zile globu za zamani tulikuwa tunamwona Njiti kwa wekundu wekundu tu. Kwa Taa Baridi tuliona mishipa yake yote, tukaona kucha, tukaona midomo ikianza kubadilika rangi. Tulimwona vizuri sana akipata baridi.

* * *

Nesi Generosa alitoka ukumbini akapiga ukelele ule wa kufukuza ng'ombe. "Nani hapa ana kifua kisicho na kikohozi?"

Ndivyo ilivyoanza. Dawa yenyewe ni ya kale. Unamvua mtoto, unamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, unamfunika kwa khanga na blanketi, unakaa. Mama yake alikuwa na homa kali, hakuweza mwanzoni. Basi tukapokezana. Akatangulia mama wa maharage, akafuata yule wa mitumba aliyeinuliwa kama koti, akaja muuza nyama, jitu la miraba minne ambalo huogopwa hata na mbwa, likavua shati likakaa kimya saa nzima bila kujikuna. Lilipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, likasema ni moshi. Moshi haukuwepo.

Zamu yangu ilipofika wanawake walinicheka.

"Baba Senkondo, hicho kifua chako kina msitu. Mtoto atapotea."

"Atajificha mvua," nikawaambia.

Nimezeeka bila mtoto. Mke wangu na mimi tulijaribu, ikashindikana, akafa akiwa ameacha kulizungumza. Sikuwahi kujua mtoto anavyokuwa akilala juu yako. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba ilibidi nitazame kila mara nihakikishe yupo, kisha akawa anaguna kidogo kama aliyeonja kitu kitamu, na vidole vyake vinafumba na kufumbua kwenye ngozi yangu. Moyo wake ulikuwa unakimbia na wangu unatembea. Nikawa namwambia, pole pole mama, huko unakokwenda wote tutafika. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi, na kama kuna kodi yake waje waidai.

Njiti akanenepa. Nesi akawa anamweka mezani anamgeuza kama chapati, anatuonyesha mapaja. Homa ya Eliwaza ikashuka, naye akachukua zamu yake, kisha zamu mbili, kisha hakutaka kumpa mtu. Aliniambia jina ameshalifikiria.

"Lipi?"

"Sikwambii. Siku ya kutoka."

Hapo ndipo Bwana Teofili aliporudi kukagua. Akasoma mita ya umeme, imeshuka. Akaenda kumtazama mtoto, amenawiri. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mmetumia nini?"

"Vifua," akasema muuza nyama.

Bwana Teofili akafikiri sana. Vifua kwa Wizara vingekuwa chanzo cha joto kisichosajiliwa, na mtaa mzima ungepigwa faini kwa kuendesha biashara ya kupasha bila leseni. Alikuwa mpole, nilishawaambia, na mwema pia. Kwa hiyo, ili kutuokoa, akaandika kwamba mtoto wa nyumba ya uzazi ya Nesi Generosa anaendelea vizuri sana chini ya Taa Baridi. Akatusomea, tukamshukuru. Nesi akampa kikombe cha uji.

Huo wema wake ndio uliotumaliza.

* * *

Wizara ilikuwa inatafuta mtoto wa namna hiyo. Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Kimulimuli mwenyewe atakuja mjini kwetu kuzindua marejesho, na kwamba Njiti atakuwa Kielelezo cha Taifa. Bendera zikatundikwa. Barabara ikapakwa lami upande mmoja, ule ambao gari lake lingepita.

Uzinduzi ulikuwa uwanja wa shule, asubuhi, na upepo unashuka mlimani umenolewa. Sanduku langu likabebwa hadi jukwaani, likawekwa kwenye meza yenye kitambaa cha bendera, Taa Baridi ikaunganishwa na jenereta. Mshereheshaji, kijana wa Wizara mwenye suti inayong'aa, akatoa maelekezo. Mtoto alale ndani ya sanduku, kwa sababu ya televisheni. Asishikwe na mtu.

"Akilazwa hapo atapata baridi," Nesi akamwambia.

"Mama, taa imewaka."

"Taa yenu haipashi."

"Ndiyo fahari yake," akasema yule kijana. Kisha akamweleza kwa adabu kwamba nyumba ya uzazi isiyoshirikiana na Wizara hufungwa siku hiyo hiyo. Na mle ndani kulikuwa na akina mama wawili wenye uchungu, mmoja wao miguu ya mtoto ndiyo ilikuwa imetangulia. Nesi Generosa akatazama upande wa nyumba yake. Akamvalisha Njiti kofia mbili na soksi, akajaza chupa za maji ya moto akazipanga pembeni yake chini ya khanga. Walinzi wa Mheshimiwa wakapekua sanduku, wakazitoa chupa zote. Vitu visivyotambulika, wakasema.

Mheshimiwa alichelewa. Sijui alichelewa kiasi gani. Ninachojua ni kwamba kwaya iliimba nyimbo zake zote ikaanza upya, na Eliwaza alisimama chini ya jukwaa na mikono yake imejikunja kama vile bado amembeba. Mwanzoni Njiti alilia. Tulimsikia kupitia vipaza sauti, maana maikrofoni ilikuwa karibu. Baadaye hakulia.

Mheshimiwa akafika, akapanda, akafunua karatasi.

"Ndugu wananchi! Zamani tulikuwa gizani. Kisha tukapata mwanga, lakini ulikuwa mwanga wenye hasira, mwanga usioheshimu hata vidole vya wakubwa. Leo tumepata mwanga wenye adabu. Joto lipotealo tumelikamata. Na mfanyabiashara atakayetuunga mkono, serikali yake sikivu itamrejeshea nusu ya bei, pamoja na nafuu ya kodi, baada ya uhakiki, uhakiki wa uhakiki, na maombi mafupi ya shukrani."

Makofi.

"Mtazameni mtoto huyu! Mnaona alivyotulia? Tangu nimefika hajalia hata mara moja. Mimi nimezindua mengi, lakini huyu ni raia wa kwanza katika historia yetu aliyeridhika kabisa na huduma."

Eliwaza akasogea mpaka kwenye ngazi ya jukwaa. "Mheshimiwa," akasema, "mtoto anapoa."

"Mama mzazi anasema mtoto amepoa!" Mheshimiwa akawatangazia watu. "Mmesikia wenyewe. Kupoa ndiko tunakokutaka. Taifa lililopoa ni taifa lenye amani."

"Mheshimiwa, anapoa. Nipeni mwanangu."

"Subiri mama, tutakupa na cheti."

Nilimtazama Bwana Teofili. Alikuwa amesimama nyuma ya viti vya wageni, amekamata tai yake kwa mikono miwili. Muuza nyama alianza kupasua umati kuelekea mbele, walinzi wawili wakamzuia. Mheshimiwa akageuza ukurasa. Akasema sasa tusimame sote, tuvue kofia, tunyamaze kwa heshima ya wote walioumizwa na joto, kwa namna ya pekee kile kidole.

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata jenereta nadhani ililegea. Katika ukimya huo Eliwaza akapanda ngazi, na kwa kuwa ilikuwa marufuku kutikisika, hakuna mlinzi aliyemgusa. Akafungua kifuniko nilichokitengeneza. Akamwinua mtoto, akafungua vifungo vya gauni lake mbele ya Waziri na televisheni, akamlaza kifuani, akamfunika, akakaa chini palepale chini ya meza. Akawa anampulizia utosini. Anampulizia, anamsugua mgongo, anampulizia.

Muda wa kunyamaza ukaisha. Kwenye ratiba kulikuwa kumeandikwa makofi, yakapigwa.

Nesi Generosa alipiga magoti jukwaani, akaweka sikio mgongoni mwa mtoto. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, makofi yakiendelea. Kisha akaufunika mkono wa Eliwaza kwa mkono wake, ili aache kusugua.

* * *

Kwa hiyo mtoto alitoka kwenye sanduku langu, akaingia kwenye jingine, nalo nililitengeneza mimi. Lilikuwa dogo, mbao zilibaki. Eliwaza alikuja karakana akakaa kwenye mapumba ya mbao huku napiga randa. Maziwa yalikuwa yanamwagika yenyewe, yamelowesha gauni, hakuyafuta.

"Andika Nakijwa," akaniambia. "Ni jina la mama yangu."

Nikaandika juu ya kifuniko kwa kalamu yangu ya useremala. Nikalikosea, nikaliranda, nikaandika tena. Baba yake alisikilizishwa maziko kwa simu, kutoka mpakani, ambako walikuwa bado wanangoja mkasi wa kukatia utepe.

Nililia mbele za watu, mzee mzima. Muuza nyama naye alilia, na safari hii hakusingizia moshi.

Marejesho ya Nesi Generosa yaliletwa wiki za mbele, na aliyetumwa kuyaleta ni Bwana Teofili. Eliwaza alikuwepo ukumbini, anamsaidia Nesi kufua. Bwana Teofili akasimama mlangoni.

"Pole, dada," akasema.

"Asante. Soma ulichotumwa."

"Naweza kuiacha karatasi hapa mezani."

"Si umeagizwa usome? Soma."

Sheria ndivyo inavyotaka, taarifa ya marejesho isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi. Basi akasoma. "Wizara ya Mwanga inakupongeza kwa kuondoa globu zote katika biashara yako. Aidha, kwa kuwa imethibitika kwamba njiti iliyokuwa ikihifadhiwa katika jengo lako haipo tena..."

Akaishia hapo.

"Malizia," Eliwaza akasema.

"...haipo tena, na hatari imeondoka, umeongezewa nafuu ya kodi."

Nesi aliendelea kukamua shuka ile ile ingawa ilikuwa imeshakauka maji. Bwana Teofili akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Zilikuwa zile globu mbili. Alikuwa hajazisalimisha. Akaziweka mezani taratibu, zisipasuke, akaondoka bila kofia yake, na baadaye tukasikia amehamishiwa Bandari.

Nesi amezificha. Njiti mwingine akija, ataziwasha, na mkaguzi akija, tutavua mashati. Ndivyo tulivyokubaliana mtaani, na mimi sijasema kitu, nanyi hamkusikia kwangu.

Lakini mpaka sasa hajaja mwingine. Nikimaliza kazi huwa napita kumjulia hali Nesi, na nachungulia chumba cha ndani. Taa Baridi imewaka, bado ina miaka yake karibu yote. Ni taa nzuri, nilishasema. Unaliona sanduku lote, unaona misumari niliyoigongomea, unaona khanga iliyokunjwa na zile kofia mbili juu yake, na unaona vizuri kabisa kwamba hakuna mtu ndani.